Kinyozi Hajinyoi: Hadithi Yako Isomwe Kabla ya Kupigwa Chapa

Vijijini mwetu wako vijana, na watu wazima pia, wenye daftari la siri. Mchana wanalima au wanafundisha shule, na usiku wanaandika hadithi. Kazi hiyo ni njema, wala wazazi wasiidharau. Lakini iko hatua moja ambayo wengi huiruka, na kwa kuiruka hupoteza fedha na moyo pia. Mtu anamaliza kuandika, anauza mbuzi au magunia ya mahindi, anapanda basi mpaka Dar es Salaam, na anaingia moja kwa moja katika duka la kupiga chapa. Baada ya siku chache anapewa vitabu vyake. Anarudi navyo nyumbani kwa furaha, na vitabu vinakaa chini ya kitanda, kwa maana aliyenunua cha kwanza hakumshauri mwenzake anunue cha pili.

Je, kosa liko wapi? Mara nyingi ni hili: hadithi ile haikusomwa na mtu yeyote ila yeye aliyeiandika. Wazee walisema, kinyozi hajinyoi. Hawakusema hivyo kwa kuwa kinyozi hajui kazi yake. Mkono wake ni mwepesi na wembe wake ni mkali, lakini kisogo chake hakioni. Mtungaji naye ni vivyo hivyo. Yeye anaijua hadithi yake yote tangu moyoni, basi pale alipolisahau neno, akili yake inalijaza lenyewe. Msomaji hana cha kujazia. Yeye ana karatasi tu.

Mpiga chapa si msahihishaji

Ukifika Kariakoo na mitaa iliyo karibu nayo utaona maduka mengi yanayopiga chapa kadi za harusi, stakabadhi, mabango na vitabu. Watu hawa wanafanya kazi yao, nasi hatuwalaumu. Lakini yafaa tujue kazi yao ni ipi. Kazi yao ni kutia wino karatasini. Ukiwaletea kosa, watalipiga chapa kosa hilo mara mia tano kwa uaminifu kabisa, nawe utalipa. Hata ile namba ya kitabu inayotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba ni ya kukitambulisha kitabu tu. Haina maana kwamba mtu amekisoma akakiona chema.

Afadhali tujifunze kwa fundi wa jirani yake, yaani fundi cherehani wa barazani. Ukimpelekea kitambaa cha suti hakati na kushona siku ileile mpaka mwisho. Kwanza anakipiga bandi kwa uzi mrefu uliolegea, kisha anakuita, anakuvalisha, anakuzungusha. Bega linabana? Mkono umekuwa mrefu? Sasa ni rahisi kufumua. Akiisha kutia cherehani, kufumua ni kuharibu nguo. Mswada, yaani hadithi iliyoandikwa na bado haijapigwa chapa, ni nguo iliyopigwa bandi. Huo ndio wakati wa kumvalisha mtu.

Na liko neno jingine la kujifunza Kariakoo. Mnunuzi akiiona bidhaa, akaishika, akaisifu, kisha akasema, “Nzuri sana, nitarudi,” mwuza duka mzoefu hamngoji. Anajua kwamba amekwisha kwenda. Basi ndugu yako akikurudishia daftari akasema, “Nzuri sana, hongera,” wala asiongeze neno, ujue umeambiwa “nitarudi.” Hakukudanganya kwa ubaya, ametaka kukuheshimu tu. Lakini heshima hiyo haiwezi kuitengeneza hadithi.

Wa kale walifanyaje?

Jambo hili la kusomewa si la kigeni kwetu. Fungua kurasa za mwanzo za kitabu chako cha sala. Huenda ukaona maneno ya Kilatini, Nihil obstat na Imprimatur. La kwanza maana yake ni kwamba msomaji aliyewekwa kwa kazi hiyo amekisoma kitabu asione kizuizi, na la pili maana yake ni “kipigwe chapa.” Kwanza kusomwa, ndipo chapa.

Katika lugha yetu, tarehe 1 Januari 1930 ilianza Kamati ya Kiswahili ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Makao yake ya kwanza yalikuwa hapa Dar es Salaam, na Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuisoma miswada ya vitabu na kuwasaidia watungaji. Kamati hiyo ilihamahama, ikarudi Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikaingizwa katika Chuo Kikuu kuwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili.

Kamati ilifanya kazi kubwa. Hata hivyo iko funzo ndani yake. Macho yake yalitazama zaidi lugha: je, neno hili ni sanifu? Je, tahajia ni sawa? Tena kwa miaka mingi ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu. Mtu anaweza kukusahihishia kila herufi, na bado asikuambie kwamba hadithi yako imelala usingizi katika sura ya tatu. Kusahihisha lugha ni kazi moja, na kuipima hadithi ni kazi nyingine. Hata leo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa 1967, linaweza kukusaidia katika lugha. Lakini hadithi yenyewe yataka jicho jingine.

Njia nyingine ilikuwa mashindano. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958, na kitabu chake “Mzimu wa Watu wa Kale” kikatoka mwaka 1960. Siku hizi iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, na iko ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa 2014. Mashindano ni mazuri, na vijana wayajaribu. Lakini jaji ana miswada mingi mezani, na kazi yake ni kuchagua. Usingoje akuandikie barua ya kukueleza ulipokosea. Mashauri uyapate kwanza, ndipo uupeleke mswada kushindana.

Nani asome?

Usimpe mtu mmoja, wala usiwape watu ishirini. Watatu wanatosha kwa kuanzia, nao wawe wa namna tatu.

Wa kwanza awe mtu apendaye hadithi za namna yako. Ukiandika hadithi ya upelelezi, usimpe mtu ambaye tangu utotoni anachukia hadithi za upelelezi. Atakushauri uandike kitabu kingine.

Wa pili awe mtu anayeyajua maisha unayoyaeleza. Huyu ni wa thamani sana, na watungaji wengi humsahau kwa sababu pengine hakusoma sana. Tuseme kijana wa Morogoro ameandika hadithi ya mchukuzi wa Kariakoo. Mahali hapo panafaa kwa hadithi hiyo, maana jina lenyewe Kariakoo limetokana na Carrier Corps, yaani jeshi la wachukuzi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Kijana anamwendea mchukuzi mzee anayepumzika juu ya mkokoteni wake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nimeandika hadithi ya mchukuzi. Naomba nikusomee ukurasa mmoja, uniambie kama ndivyo.”

Anasoma. Mchukuzi wa hadithi amebeba gunia la mchele, anapanda ngazi kutoka shimoni, na huku anamwambia mwenzake maneno ya hekima mistari kumi na miwili. Mzee anacheka.

“Mwanangu, mwenye gunia kichwani hahubiri. Pumzi yake ni ya kupandia ngazi. Atasema ‘Njia! Njia!’ basi. Hayo maneno mengine mwache ayaseme akiisha kutua.”

Ona, mashauri haya hayakugharimu hata senti moja, na yameokoa ukurasa mzima. Tena mzee hakusema kama hadithi ni nzuri au mbaya. Amesema lililo kweli na lisilo kweli.

Wa tatu awe mtu ajuaye lugha, kama mwalimu. Lakini huyu umpe mwishoni. Haina faida kusahihisha nukta na mikato katika sura ambayo kesho utaifuta.

Tena, usiwamalize wasomaji wako wote siku moja. Msomaji ni kama kiberiti, huwaka mara moja. Aliyekwisha kujua nani ni mwizi hawezi tena kukuambia kama siri ilifichika vizuri. Basi waweke wawili akiba, wasome baada ya wewe kuitengeneza hadithi upya.

Umwulize nini?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Ukimwuliza mtu, “Je, ni nzuri?” umemlazimisha kuwa na adabu. Atajibu ndiyo. Mwulize mambo anayoweza kuyajibu bila kukuumiza, kwa sababu ni habari zake mwenyewe, si hukumu juu yako:

Ulipokuwa ukisoma, uliliweka daftari chini mahali gani?

Ni wapi ulilazimika kurudi nyuma usome tena?

Ni watu gani wawili uliwachanganya?

Ulipofika nusu, ulidhani mwisho utakuwaje?

Ni jambo gani hukulisadiki?

Nihadithie wewe sasa, kwa maneno yako, hadithi yenyewe ni nini.

Swali hili la mwisho lina nguvu kuliko yote. Akikuhadithia, sikiliza anachokiacha. Kama ameisahau kabisa ile sura uliyoipenda kupita zote, sura ile haikumgusa. Na kama anaeleza habari ya shangazi aliyetajwa mara mbili tu, labda shangazi ndiye mwenye hadithi, nawe hukujua.

Mpe kalamu ya risasi pia. Mwambie atie alama ya mstari pembeni alipochoka, na alama ya kuuliza asipoelewa. Asiandike zaidi ya hapo kama hapendi. Mtu anayeona haya kukuambia kwa mdomo ataweza kutia alama.

Kijijini mna bahati

Wengine hudhani mashauri mema yako mjini tu, katika Maktaba Kuu au katika maduka ya vitabu ya Barabara ya Samora. Sivyo. Mjini kuna vitabu vingi, lakini watu wana haraka. Kijijini mna kitu ambacho mtungaji wa mjini angekilipia: watu wanaokaa pamoja jioni na kusikiliza.

Hadithi zetu zilizaliwa hivyo. Bibi akisema “Paukwa!” na watoto wasipojibu “Pakawa!” kwa nguvu, alijua kwamba wana usingizi, akafupisha. Bibi alikuwa akipewa mashauri kila usiku bila mtu kusema neno. Basi nawe uwasomee watu wa nyumbani sura moja baada ya chakula, usome polepole na kwa sauti. Mambo mawili yatatokea. Kwanza, ulimi wako utajikwaa mahali ambapo jicho halikujikwaa. Sentensi hiyo ni ndefu mno, ikate. Pili, utaona nyuso. Mtoto akisinzia, mama akikumbuka ghafula kwenda kufunika moto, kaka akianza kuuliza bei ya kahawa, tia alama hapo. Na ukifunga daftari wakasema, “Ah, endelea basi, ikawaje?” tia alama hapo pia, ili usije ukaharibu palipo pema.

Funga mdomo, kisha pima

Mtu akikuambia hakuelewa, usimweleze. Ni vigumu, lakini jikaze. Kitabu hakiendi pamoja na mtungaji wake. Mtu atakayekinunua kule Songea au Bukoba hatakuwa nawe pembeni umwambie, “Nilitaka kusema hivi.” Andika alilolisema, mshukuru, nenda zako. Ukianza kubishana naye, safari ijayo atasema “nzuri sana.”

Baada ya siku kadhaa, hasira ikipoa, kaa upime. Si kila neno la msomaji ni la kufuatwa. Tumia kanuni hii: akisema mmoja, lifikiri, wakijikwaa watatu mahali pamoja, mahali hapo ni pabovu, hata kama kila mmoja ametaja sababu yake. Lakini dawa uitafute mwenyewe. Mgonjwa anajua panapouma, naye asema kweli. Akianza kujichagulia sindano, mganga hamfuati. Msomaji akisema, “Mwisho haunipendezi, ungemwoza yule binti,” huenda maradhi hayako mwisho hata kidogo. Huenda ni kwamba mwanzoni hukutueleza binti anataka nini.

Tena uangalie tofauti ya maneno mawili: “Hii si kweli” na “Hii yatia haya.” Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitoa kitabu chake “Rosa Mistika,” habari za msichana aliyelelewa kwa ukali na kisha akapotea. Kilizuiliwa kusomeshwa mashuleni, kwa kuwa mambo yake yaliwaudhi watu. Baadaye kilikubaliwa, na wanafunzi wakakisoma. Kezilahabi alifariki Januari 2020, akiheshimiwa kama mmoja wa watungaji wakuu wa lugha yetu. Kama angeufuata ushauri wa kuondoa kila linalotia haya, wazazi wasingepata kioo kile cha kujitazama. Basi msomaji akikuambia, “Hapa pamenitia haya,” mwulize, “Lakini ndivyo ilivyo duniani?” Akijibu ndiyo, fikiri sana kabla ya kufuta. Na kama umeliandika ili kuchekesha wahuni tu, wewe mwenyewe wajua, lifute.

Hofu ya kuibiwa

Wengi hukataa kuonyesha miswada yao kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo si ya bure, lakini isikufunge. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtungaji tangu anapoiandika kazi yake, hata kabla haijapigwa chapa. Ukitaka ushahidi zaidi, iko Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ambako waweza kuandikisha kazi yako. Jua lakini kwamba sheria hulinda maandishi, hailindi wazo tupu ulilolisimulia njiani.

Fanya hivi: usitoe kamwe nakala moja uliyo nayo. Andika jina lako na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza. Weka orodha ya uliowapa, na siku ya kurudisha. Na mtu akikuambia kwamba atakusahihishia kwa malipo, mpe kurasa tano tu kwanza, uone kazi yake. Mwulize pia kama atatazama hadithi au lugha tu, na patana naye bei kwa maandishi. Kisha ndipo umpe kilichobaki.

Neno kwa atakayeombwa kusoma

Mwisho, sisi wengine tusioandika tuna wajibu. Mwanao au mwanafunzi wako akikuletea daftari, usilicheke, wala usilitupe juu ya kabati miezi sita. Amekupa kitu ambacho pengine hajamwonyesha mtu mwingine. Kama huna nafasi, mwambie leo. Kama unayo, soma mpaka mwisho, kisha anza na lile lililokuvuta kweli, ulitaje kwa jina na ukurasa wake. Baadaye mwambie ulipochoka na ulipopotea. Usimwambie, “Huna kipaji.” Hilo si shauri, na huwezi kulijua kwa daftari moja. Wala usimwambie kwamba ni nzuri ikiwa ulilala. Ukimnyima ukweli leo jikoni, atauambiwa na wageni sokoni, baada ya mbuzi kuuzwa.

Na wewe mwenye daftari, mbuzi bado yuko zizini. Mwache ale majani miezi mitatu zaidi. Jioni hii soma sura ya kwanza kwa sauti, uangalie nani anasinzia.